Nani Ameshika Mizani?

Kilomita 200 kwa baiskeli, kwa mtu wa kawaida kama mimi, ni saa tisa au kumi za kunyonga. Ongeza chai ya Webuye, ongeza pancha moja, ongeza upepo wa mchana ambao siku zote hutoka upande usioutaka. Unaondoka kabla jogoo hajaamka na unarudi watu wakisonga ugali wa jioni. Wanaosimamia safari za masafa marefu duniani wameziwekea muda wa mwisho: kilomita 200 ni saa 13 na nusu, 300 ni saa 20, 400 ni saa 27, 600 ni saa 40. Kule Ufaransa kuna ile kubwa, Paris–Brest–Paris, kilomita 1,200 hivi ndani ya saa 90, iliyoanza mwaka wa 1891 na siku hizi hufanyika kila baada ya miaka minne. Ukizitazama namba hizo kama mwanamichezo unaona milima, miguu na chupa za maji. Ukizitazama kama mzazi unauliza ni nani atawaogesha watoto.

Lengo langu si Paris. Nataka kuuzunguka Mlima Elgon kwa siku moja. Nitoke Kitale, niteremke hadi Webuye na Bungoma, nivuke mpaka pale Lwakhakha, nipite Mbale, nipande Kapchorwa, kisha nirudi Kenya kupitia Suam na Endebess hadi mlangoni kwangu Tuwan. Ni zaidi ya kilomita 300, na kile kipande cha Kapchorwa hadi Suam, kilomita 73 zilizowekwa lami miaka ya karibuni, hakina huruma. Hakuna medali. Hakuna aliyenituma. Mlima wenyewe una mita 4,321, nauona kila asubuhi anga likiwa safi, na ukiishi miaka mingi chini ya kitu kikubwa hivyo unaanza kutaka kujua upande wake wa pili.

Sasa, siku moja ya kuzunguka mlima si siku moja. Nyuma yake kuna Jumamosi ishirini na kitu za mazoezi. Na mama watoto ni msusi. Yeyote aliye na msusi nyumbani anajua Jumamosi ni siku gani. Ndiyo siku saluni inajaa kuanzia asubuhi hadi giza, watu wanataka nywele za kanisani, za harusi, za mazishi. Kwa hiyo Jumamosi yangu ikiwa ya baiskeli, watoto wetu wawili wanashinda chini ya meza ya saluni wakicheza na vibanio, na yeye anasuka kwa mkono mmoja na kuzuia ugomvi kwa mwingine. Saa zangu kumi barabarani zinatoka mahali fulani. Zinatoka pale.

Jibu ambalo wasee wa baiskeli hulitoa haraka ni mizani. Ati lazima uweke mizani kati ya familia na malengo yako. Inasikika vizuri, kama kitu cha kuandikwa kwenye fulana. Ila mimi nafanya kazi kwenye duka la agroveti hapa Kitale, na Trans Nzoia mizani si neno la mfano. Ni chuma kinachoning'inizwa kwenye mti au kwenye mlango wa ghala, gunia la mahindi linafungwa kamba, linainuliwa, na broka anasoma namba kwa sauti. Mkulima amesimama pembeni. Akipima nyumbani anapata kilo 90, kwa broka zinakuwa 86, na ukiuliza unaambiwa mahindi yamekauka njiani. Hakuna mkulima huku anayeuliza kama mizani iko sawa kabla hajauliza ni ya nani. Ndiyo maana nikisikia baba mwenye baiskeli akisema ameweka mizani nyumbani kwake, nataka kujua kwanza nani aliyeishika, nani aliyesoma namba, na nani alikuwa amesimama pembeni.

Mzee wangu alikuwa mtu wa boda ya baiskeli Bungoma miaka ya tisini, kabla pikipiki hazijatawala. Kama hujui, boda boda ilianza huku magharibi, watu wakibebwa kwa baiskeli pale mpakani Busia miaka ya sitini, na jina limebaki hata baiskeli zilipoondoka. Mzee alikuwa na Black Mamba, ile nyeusi ya chuma isiyo na gia, keria yake imeshonewa mto kwa ajili ya abiria. Kwa siku sidhani alikosa kufikisha kilomita ambazo mimi leo nazipigia picha. Alitoka gizani, akarudi gizani. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza kuhusu mizani ya familia na baiskeli. Alikuja na unga. Unga ndio ulikuwa jibu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama pesa ndiyo inayobariki kutokuwepo. Tazama wakimbiaji wetu. Eliud Kipchoge kwa miaka mingi ameishi kambini Kaptagat siku za wiki, huku mke na watoto wake wakiwa Eldoret, mwendo mfupi tu kwa gari, na wikendi ndipo hurudi nyumbani. Hakuna anayemwita baba mbaya. Tunamwita mwenye nidhamu. Mtaani Tuwan kuna nyumba ambazo baba yuko Nairobi, mama yuko Saudia, na watoto wako na nyanya yao, na hakuna anayesema hiyo ni ubinafsi kwa sababu M-Pesa inaingia. Lakini nikitoka mimi na nguo za kubana saa kumi na moja alfajiri, nikifungua lango la ploti ambalo halijawahi kufunguliwa bila kelele, ploti nzima inajua kwamba naenda mahali ambapo silipwi.

Nimewahi kufikiri hiyo ni dharau kwa maskini, kwamba mtu wa Tuwan haruhusiwi kufanya kitu kizuri kisicho na malipo, ilhali mwenye pesa akinunua baiskeli ya bei ya shamba anaitwa mpenda michezo. Bado nadhani kuna ukweli hapo. Lakini majirani nao wana hoja. Mzee wangu alipokosekana, alikosekana kwa ajili yetu. Hata kama alipenda baiskeli, na nadhani aliipenda, maana aliipaka mafuta Jumapili kama mtu anayemnyoa mtoto, mapenzi yake yalikuwa ndani ya gunia la unga. Yangu yamesimama peke yake. Yanahitaji kujitetea yenyewe.

Kuna mwanafalsafa Mwingereza, Bernard Williams, aliyeandika mwaka wa 1976 juu ya jambo linalokaribiana na hili. Alimtumia mchoraji Gauguin, au tuseme Gauguin wa kubuni, kwa sababu hakutaka kubishana kuhusu historia. Gauguin halisi alikuwa Mfaransa aliyekuwa na mke na watoto watano, akaachana na maisha hayo, na mwaka wa 1891 akapanda meli kwenda Tahiti kuchora. (Ndio, mwaka ule ule wa Paris–Brest kwanza. Inaonekana 1891 wanaume wa Ufaransa walikuwa na haraka ya kutoka nyumbani.) Swali la Williams lilikuwa hivi: mtu anayewaacha wanaomtegemea ili afuate kitu kikubwa, anaweza kujitetea vipi? Jibu lake linaudhi. Alisema kama kuna kitakachomtetea, ni kufaulu kwenyewe, na kufaulu hakujulikani siku anapoondoka. Kwa hiyo sehemu ya hukumu yetu iko mikononi mwa bahati. Picha zikitoka nzuri, yeye mwenyewe ataweza kuangalia nyuma na kusema ilifaa. Zikitoka mbovu, ni mtu tu aliyewatoroka watoto. Williams alikuwa mwangalifu kuongeza kwamba hata akifaulu, mke na watoto hawalazimiki kuikubali hesabu hiyo.

Ukiisoma ukiwa na baiskeli kichwani, unaona kitu cha kuchekesha. Hoja ya Gauguin haimfai mtu kama mimi hata kidogo. Nikiuzunguka Elgon kwa saa 19, hakuna jumba la makumbusho litakalonitetea. Kwenye Strava nitapata vidole gumba kutoka kwa watu kumi na wanne, nusu yao ni binamu. Sina kesho kubwa ya kuja kulipa deni la leo. Kama safari yangu ni halali, basi lazima iwe halali kabla sijaondoka, pale mezani, na watu walio pale mezani ndio wa kuihalalisha. Na kwa maoni yangu hii ni bahati ya sisi wanyonge wa michezo. Wakubwa wanaweza kusema subirini mtaona. Sisi hatuna pa kujificha.

Ingawa kuna mkubwa mmoja aliyekataa kujificha. Machi 27, 2022, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda Gent–Wevelgem kule Ubelgiji, Mwafrika wa kwanza kuzishinda mbio hizo. Wiki moja baadaye kulikuwa na Tour of Flanders, mojawapo ya mbio za siku moja zinazoheshimiwa kuliko zote, na kila mtu alitaka kumwona. Alikuwa na miguu ya moto. Akaenda nyumbani Asmara. Alikuwa amekaa Ulaya miezi kama mitatu bila kuwaona mke wake na binti yao mdogo, safari ya kurudi ilikuwa imepangwa kabla hajashinda, na ushindi haukuibadilisha.

Watu wakisimulia kisa hiki hupenda kuongeza kwamba mwaka wa 2024 Girmay huyo huyo alishinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho, kana kwamba Mungu alimlipa kwa kuwa baba mwema. Sipendi nyongeza hiyo. Inamrudisha kwenye hesabu ya Gauguin, kwamba uamuzi ulikuwa mzuri kwa sababu mambo yalikwenda vizuri. Kama angevunjika mguu mwezi Mei asishinde kitu tena maishani, kurudi Asmara kungekuwa sahihi vilevile. Kinachonivutia ni tarehe. Neno lilitolewa kabla ya bahati kuingia. Bahati ilipoingia, ikiwa tamu kabisa, haikuruhusiwa kupima upya. Huwezi kudanganywa na mizani kama gunia limeshauzwa.

Si kwamba namfanya malaika. Miezi mitatu mbali na mtoto mdogo ni miezi mitatu, na kuna mtu Asmara aliyeilea usiku kucha. Lakini angalau kulikuwa na kitu ambacho hakikuwa cha kupimwa.

Nimekuwa nikizungumza juu ya saa, kwa sababu saa zinaweza kukopwa na kulipwa. Kuna kitu kingine hakilipiki. Suleiman Kangangi, sisi tulimwita Sule, alizaliwa 1989 na alikuwa mtu wa Eldoret, kilomita 70 hivi kutoka hapa. Alifika wa tatu kwenye Tour du Rwanda ya 2017, akawa nahodha wa Team AMANI, timu iliyotaka kufungua njia kwa waendesha baiskeli wa Afrika Mashariki. Agosti 27, 2022, alianguka kwenye mbio za Vermont Overland kule Marekani na akafariki. Alikuwa na miaka 33. Aliacha mke na watoto.

Siku zile nilisikia watu wakisema, mzee mwenye familia anafanya nini kwenye mteremko wa changarawe kwa kasi hiyo? Maneno hayo yalinikera na bado yananikera. Watu hao hao wangempokea kwa maua kama angerudi na ushindi. Mteremko ni ule ule, kasi ni ile ile, baba ni yule yule. Na Sule alikuwa kazini, kama mzee wangu alivyokuwa kazini, akijenga njia ambayo wengine wangepita. Kifo chake hakimgeuzi kuwa mtu aliyekosea. Walakini hakinipi ruhusa ya kusema barabara ya Webuye haina hatari. Mimi ninapanda barabara yenye malori ya Uganda na matrekta ya miwa, na dereva wa matatu anayeamini ukingo wa lami ni mali yake. Nikisema kwamba ninakopa saa kumi kutoka kwa mama watoto, nasema nusu ya ukweli. Ninakopa pia uwezekano mdogo wa kutorudi. Huo siwezi kuurudisha Jumapili kwa kuosha vyombo.

Tulilizungumza hilo, mimi na yeye, siku tuliposikia habari za Sule. Hakulia wala hakunikataza. Aliniuliza bima iko wapi na namba ya siri ya simu ni ipi, akaziandika. Nilitaka maneno mengine, nadhani. Lakini yale ndiyo maneno ya mtu anayekuchukulia kwa uzito.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho kwa kweli ndicho kilichonifanya niandike. Lengo langu lina kilomita. Lina ramani, lina tarehe, lina namba ya mwinuko, lina programu kwenye simu inayoniambia wiki hii nimeongeza asilimia ngapi. Ukiliweka kwenye mizani linashuka kama gunia lililojaa. Nilipomwuliza mama watoto yeye lengo lake ni nini, ili tupime sawasawa, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani wa darasa ambalo hakusoma.

"Baba watoto," akasema, "mimi sina lengo. Mimi nataka kulala."

Baadaye akaongeza kwamba angependa kwenda kwa mama yake Kimilili, bila watoto, siku mbili, akae tu chini ya ule mparachichi. Asisuke mtu. Asiitwe. Nikauliza afanye nini huko? Akacheka. Akasema hilo swali ndilo analolikimbia.

Usingizi hauna kilomita. Kukaa chini ya mti hakuna programu ya simu. Hakuna mtu atakayekuandikia hongera kwa kukaa saa sita bila kuitwa na mtu. Ndiyo maana kila mara tukipima, kitu chake kinaonekana chepesi, hata kama mimi ninayepima nina nia njema kabisa. Mizani yenyewe imetengenezwa kupima vitu vya aina yangu. Na sidhani ni bahati mbaya kwamba vitu vyenye namba, tarehe na jina mara nyingi ni vya wanaume, na vile visivyo na jina vinaachiwa wanawake, halafu tunashangaa kwamba wanawake hawana malengo. Jaribu kuwaza Tuwan mama anayeondoka saa kumi na moja alfajiri kwa baiskeli na kurudi usiku. Watu hawatauliza ameenda kilomita ngapi. Watauliza watoto wamekula nini. Mimi nimerudi usiku mara nyingi, na swali la chakula cha watoto sijaulizwa hata mara moja, hata na mama yangu mzazi.

Rafiki yangu mmoja, tunanyonga naye, anasema nazidisha. Anasema baba mwenye furaha ni baba bora, kwamba akirudi kutoka barabarani ana subira na watoto, na kwamba asipotoka anakuwa mkali kama pilipili. Namwamini. Mimi pia nikirudi nina subira. Lakini hoja hiyo ina kitisho kidogo ndani yake: nipeni Jumamosi, la sivyo mtaniona. Na hata tukikiondoa kitisho, hoja yenyewe ni ya kila mtu. Kama saa kumi za upweke zinanifanya mtu bora, zitamfanya na yeye mtu bora. Basi kwa nini zigawiwe mmoja?

Tunachokifanya sasa nyumbani si kikubwa. Kuna daftari la shule, la kurasa 96, ambalo mama watoto amelichora kalenda. Yeye ndiye anaandika kwanza. Anaweka siku za wateja wa harusi, siku za chama chake, siku za kulala, ndio, ameandika "kulala" kwa herufi kubwa, na siku za Kimilili. Akimaliza ananipa kalamu, na mimi natafuta nafasi iliyobaki. Siku nyingine nafasi ni ya kilomita 40 tu, hadi Kiminini na kurudi kwa njia za shambani kabla saluni haijafunguliwa. Siku zake ni mimi ninayebaki na watoto, na sisemi ninamsaidia, maana watoto si wa saluni. Wiki moja nilibaki nao siku mbili mfululizo yeye akiwa Kimilili. Aliporudi nilimwuliza kulikuwaje. Akasema alikaa. Nikasubiri aendelee. Akasema tena, alikaa.

Sijui kama hii ni haki au ni adabu tu. Kuna siku nadhani mizani bado ni yangu, kwamba nimemwazima tu aishike kwa sababu najua hataniambia hapana moja kwa moja. Mtu aliyezoea kusimama pembeni, ukimpa mizani anaweza kupima kwa kukuhurumia. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba yeye ni msusi, anajua kumwambia mteja nywele zake hazitoshi mtindo anaoutaka.

Kwa mazoezi niliyonayo sasa, Elgon haiwezekani kabla ya shule kufungwa. Desemba kuna Jumamosi moja kwenye daftari ambayo haina kitu. Mbele yake kuna harusi mbili, nyuma yake kuna Krismasi ya Bungoma kwa wazee. Sijaandika chochote hapo. Nilimwonyesha kwa kidole wiki iliyopita, na yeye akaiangalia muda mrefu, akaniuliza Suam hadi hapa ni saa ngapi gizani, na kama Uganda line yangu itashika. Nikamjibu. Akasema atafikiria.